Kikao Ambacho Mtoto Haitwi

Kabla nchi hii haijawa na Dawati la Jinsia na Watoto, kabla ya namba ya simu 116, kabla hata afisa ustawi wa jamii hajajulikana nje ya mji, palikuwa na kikao. Mtoto akiharibiwa, wazee waliitana. Walikaa baada ya sala ya alasiri, au Jumapili watu wametoka kanisani, ndugu wa mtoto upande huu na ndugu wa mtu aliyetajwa upande ule, katikati mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Yakazungumzwa. Ikatajwa faini. Ikalipwa papo hapo au ikaahidiwa baada ya mavuno. Watu wakanywa chai, wakapeana mikono, wakaagana. Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni, au keshapelekwa kwa shangazi yake kijiji cha pili.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu katika ustawi wa jamii niliifanya mkoani Tanga, pwani na kwenye mashamba ya mkonge, na kikao hicho nilikikuta kila nilikopangiwa. Kwenye kambi za mkonge, ambako watu wametoka makabila mbalimbali na hakuna mzee wa ukoo wa kumwita, mnyapara alikaa mahali pa mzee. Wanaoandika juu ya ukatili kwa watoto hupenda kuanza na sheria. Mimi naanza na kikao, kwa sababu kila sheria, kila fomu na kila ofisi iliyokuja baadaye imelazimika kushindana nacho, na mpaka leo hakijashindwa.

Tusikidharau. Kikao kilikuwa na hesabu zake, na hesabu hizo ziliwahi kuandikwa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizunguka kwa Wasukuma, Wahaya na wengine akikusanya desturi zao, na baada ya Uhuru sheria za mila zikatangazwa rasmi kwa Tangazo la Serikali Na. 279 la mwaka 1963. Ukifuatilia fidia za zamani zinazohusu binti aliyeharibiwa au kupewa mimba, utaona mara nyingi anayelipwa ni baba. Mahari yake imepungua, heshima ya nyumba yake imeguswa, basi alipwe. Aliyedhulumiwa, kwa hesabu hiyo, ni baba. Binti ni mahali ambapo dhuluma imetokea.

Ndiyo maana mtoto wa kiume hakuwa na kikao kabisa. Hana mahari ya kupungua. Mvulana aliyelawitiwa na mtu mzima alibaki na mama yake, maji ya moto na chumvi, na onyo kwamba asithubutu kumwambia mtu. Katika miaka yangu yote ya kazi, kesi za wavulana zilinifikia kwa njia za pembeni: mtoro wa shule, mtoto aliyekutwa stendi ya mabasi, kijana anayepiga wadogo zake. Ukikaa naye siku ya tatu au ya nne ndipo unapata chanzo.

Miaka ya 1960 chama cha TANU kilipogawa vijiji na mitaa katika nyumba kumi kumi, kikao kilipata mwenyekiti mpya. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kalala kwa nani, nani kaleta mgeni, nani hana unga. Kwa mtoto hilo lingeweza kuwa neema kubwa, maana hakuna afisa wa serikali ambaye angekuwa karibu kuliko balozi. Lakini balozi alitarajiwa kupatanisha. Ugomvi wa mpaka wa shamba, kuku walioparua mbegu, mume aliyempiga mke, mtoto wa miaka minane aliyeharibiwa na mpangaji: vyote vilipita kwenye baraza moja, na vyote vilipimwa kwa swali moja, kwamba je, kesho majirani hawa wataweza kusalimiana?

Na serikali ilikuwa wapi? Sheria ya Watoto na Vijana, iliyoanzia kwenye kanuni za kikoloni za mwaka 1937, ilishughulika zaidi na mtoto aliyeshitakiwa: asikilizwe katika mahakama gani, apelekwe wapi akikutwa na hatia. Mtoto mkosaji alionekana na sheria mapema kuliko mtoto aliyekosewa. Huduma yenyewe ya ustawi wa jamii ilishika mizizi nchini baada ya Vita Kuu ya Pili, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwahudumia askari waliorudi vitani, wapate mahali pa kukutania, kusoma na kuzoea tena maisha ya kiraia. Chuo cha kufundisha maafisa, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Tulipotoka pale tulitawanywa wilayani, mara nyingi afisa mmoja kwa wilaya nzima, ana meza, benchi la wageni na kabati la mafaili lisilofungika, na usafiri wake ni kuomba lifti kwenye lori la mkonge.

Huwa naambiwa kwamba zamani watu hawakujua dalili. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Waliochelewa kujua ni madaktari. Mwaka 1946 John Caffey wa New York, mtaalamu wa eksirei, aliandika kuhusu watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovuja kichwani na mifupa iliyovunjika mikononi na miguuni bila maelezo ya kueleweka. Ilipita miaka 16 mpaka C. Henry Kempe na wenzake huko Denver walipoandika waziwazi, mwaka 1962, kwamba watoto wa namna hiyo wanapigwa na wanaowalea. Kufikia mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kumlazimu daktari atoe taarifa. Kule mlango ulifunguliwa na picha ya mfupa.

Kwetu bibi aliyemwogesha mjukuu alikuwa ameshaona. Nikupe mmoja, katikati ya miaka ya 1990. Alikuja ofisini asubuhi sana, amejifunga khanga mbili, kamshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita. Hakuanza na tuhuma. Alisema, “Mwanangu, huyu alikuwa anapenda kutumwa kwa jirani kuchota maji. Sasa nikimpa ndoo analia. Na usiku amerudi kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha.” Akanyamaza kidogo, akaongeza, “Na ana shilingi. Mtoto huyu hela anapata wapi?”

Katika sentensi hizo chache mna karibu kila kitu ambacho miaka 20 baadaye nilikuwa nikifundisha kwenye semina kwa karatasi kubwa ukutani. Mtoto anabadilika bila sababu inayoonekana. Anakwepa nyumba moja au mtu mmoja. Anarudia mambo ya utotoni aliyoyaacha. Ana pesa, pipi, kalamu mpya, na anasita akiulizwa kapewa na nani. Mengine nilijifunza kwa wauguzi. Mtoto anayecheza huumia magoti, viwiko na paji la uso. Alama za masikioni, mgongoni, kwenye makalio na upande wa ndani wa mapaja zinataka maelezo, na mtoto ambaye hajaanza kutambaa hatakiwi kuwa na michubuko hata kidogo. Maji ya moto yakimwagika kwa bahati mbaya huacha matone na michirizi. Mguu ulioungua kwa mstari ulionyooka kama soksi ulichovywa. Mama anasimulia hivi, baba anasimulia vile, na jeraha ni la juzi ila hospitali wamekuja leo. Mtoto mdogo anacheza mchezo wa mambo ambayo kwa umri wake hangeyajua. Hakuna dalili moja inayotosha kumtia mtu hatiani, na wala si kazi ya jirani wala mwalimu kumtia mtu hatiani. Dalili inatosha kwenda kusema.

Bibi yule alikwenda kusema. Kwanza alikwenda kwa balozi, na kikao kikakaa. Jirani aliahidi mbuzi wawili na kuapa kwamba hatarudia. Bibi ndiye aliyekataa mbuzi. Akatembea mpaka kituo cha polisi, akaambiwa arudi na baba wa mtoto. Akaenda kwenye zahanati, akaambiwa alete PF3, fomu ya polisi inayotakiwa mtu aliyejeruhiwa anapotibiwa, kwa hiyo akarudishwa kituoni. Alipofika kwangu ilikuwa siku ya tano, mtoto ameshaogeshwa kila siku, nguo zimefuliwa na kuanikwa. Tulipata fomu, tulipata daktari. Mahakamani neno la mtoto wa miaka sita lilihitaji ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, na tendo la namna hiyo halifanywi mbele ya mashahidi. Jirani alirudi nyumbani kwake. Bibi alihama na mjukuu wake.

Yaliyobadilisha hali hiyo yalianzia kwa waandishi wa habari wanawake. Chama chao, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, na jarida lake wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Katika miaka ya 1990 walitoa kwenye redio na magazeti habari ambazo vikao vilikuwa vikizifunika, na wakaishinikiza Serikali pamoja na wanasheria na vyama vingine vya wanawake. Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Adhabu ya kubaka ikawa kifungo kisichopungua miaka 30, na maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Kuwakeketa wasichana wa chini ya miaka 18 kukawa kosa. Na kwa wafanyakazi kama mimi jambo kubwa lilikuwa kwenye Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127: mahakama ikiridhika kwamba mtoto aliyetendewa anasema kweli, inaweza kutia hatiani kwa maneno yake peke yake, mradi ieleze sababu. Nilisoma kifungu hicho ofisini peke yangu, nikakisoma tena kwa sauti. Nilimkumbuka yule wa miaka sita, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kumi.

Nilidhani kikao kimekwisha. Kilichotokea ni kwamba bei ya ukimya ilipanda. Mtu anayekabiliwa na miaka 30 halipi mbuzi wawili. Ndugu zake wanachangishana, wanauza kiwanja, wanaleta fedha ambayo familia ya mtoto haijawahi kuiona kwa pamoja. Mzee wa katikati naye anapata chake. Tulianza kuona kesi zilizofunguliwa vizuri zikifia mahakamani: mama hafiki siku ya kusikilizwa, mtoto amehamishiwa mkoa mwingine, shahidi amesahau. Na zile zilizofika mwisho zilikuwa na kitanzi chao. Hakimu alitakiwa kwanza kumhoji mtoto kujua kama anaelewa maana ya kiapo na ana akili ya kutosha kutoa ushahidi, na ayaandike mahojiano hayo kwa utaratibu. Akikosea hatua hiyo, rufaa ilikuwa na mahali pa kushikia, na watu waliachiwa kwa kosa la hakimu wakati mtoto alisema kila kitu sawasawa. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipunguza kitanzi: mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi tu kwamba atasema kweli.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini sheria moja ya kumlinda mtoto ilisubiri mpaka 2009. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka huo ilifuta sheria tano za zamani, ile ya Watoto na Vijana ikiwamo. Zanzibar ilitunga ya kwake, Na. 6 ya mwaka 2011. Kifungu cha 95 cha sheria ya Bara ndicho ninachokitaja kwenye kila mkutano: mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuifikisha kwa serikali ya mtaa husika. Hakisemi mzazi, wala mwalimu, wala mwenye uhakika. Kinamgusa dereva wa bodaboda na mama lishe. Hapo ndipo sheria ilipokishika kikao shingoni, kwa sababu wazee wote waliokaa pale wana taarifa, na kila mmoja wao ana wajibu.

Mwaka huohuo wa 2009 walitumwa watu nchi nzima, Bara na Visiwani, kuwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yale yaliyowapata utotoni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mtu mzima au mpenzi. Hayo yaliandikwa magazetini kwa herufi kubwa. Mimi nilishikwa na takwimu nyingine, iliyopewa nafasi ndogo: kama nusu tu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono walimwambia mtu, wavulana wakiwa wachache zaidi, na waliotafuta huduma yoyote ni msichana mmoja hivi kati ya watano. Maana yake nyuma ya kila mtoto niliyempokea kwenye benchi langu kulikuwa na wengi ambao kikao kiliwafikia kwanza, au hakuna aliyewafikia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyozoea. Polisi walieneza madawati ya jinsia na watoto vituoni. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilifungua kituo cha Mkono kwa Mkono mwaka 2011, ambako daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja, na Amana, Dar es Salaam, ikafuata. Namba 116 ikaanza kupokea simu bila malipo, kama ilivyokuwa imeshafanyika Kenya. Mwaka 2017 Serikali ikaanza kutekeleza MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zikaundwa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa.

Kwa hiyo bibi yule angekuja leo, ningemwambia hivi. Usimwogeshe mtoto kwanza, na nguo usifue; zifunge kwenye karatasi au khanga safi, usitie kwenye mfuko wa plastiki. Nenda hospitali moja kwa moja. PF3 inaweza kuletwa hapohapo, na mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza. Ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na binti aliyevunja ungo anaweza kukingwa na mimba ndani ya siku tano, ila kila saa inayopita inapunguza kinga. Akianza kukueleza, msikilize, umwambie kwamba hana kosa, wala usimwahidi kwamba itabaki siri. Usimhoji tena na tena, na usiwaite mashangazi ili arudie mbele yao, maana kila anaporudia anachoka, na maneno ya mtoto aliyechoka hubadilika. Usimfuate mtuhumiwa. Ukishindwa yote, piga 116, au mwambie afisa ustawi, mtendaji, dawati la polisi, au mwalimu mmoja unayemwamini. Na ukisikia kikao kimeitwa, katoe taarifa siku hiyohiyo kabla hakijakaa.

Nimestaafu, lakini kamati za kata huniita kuzungumza nazo. Baadhi ya wajumbe ni wazee walewale wa vikao, na silalamiki. Wao ndio wanaojua kila nyumba. Swali la kwanza huwa lilelile, kata hii au ile: tukimripoti, watoto watakula nini? Mtuhumiwa mara nyingi ndiye baba wa kambo anayelipa kodi ya chumba, au mjomba anayetoa ada. Vikao havikujengwa na ukatili wa mioyo peke yake. Vilijengwa pia na njaa, na mama anayekubali fedha za upande wa pili anajua kwamba mwisho wa mwezi mwenye nyumba atagonga mlango.

Sheria ya Mtoto inaruhusu mtoto akabidhiwe kwa mtu wa kuaminika aliyekubalika na ustawi wa jamii wakati shauri linaendelea. Kata moja ninayoifahamu imeshaandika majina ya nyumba ambako mtoto anaweza kupelekwa hata usiku wa manane. Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu. Ya pili ni ya mama anayeuza vitumbua, ambaye amewahi kuwalea ndugu wawili, mvulana na msichana, mpaka kesi yao ikaamuliwa. Unga na mafuta ya miezi hiyo alitoa mfukoni mwake. Kwenye bajeti ya halmashauri kuna fungu la semina za wajumbe, posho na chai. Chakula cha mtoto aliye kwa mtu wa kuaminika hakina fungu. Hilo ndilo ninalolidai sasa kwa madiwani kila ninapopewa nafasi ya kusema: liandikwe, liwe na kasma yake, na mama wa vitumbua alipwe.